Minziro, Msitu Unaoishi na Maji



Mimi ni mkazi wa Kalangalala, hapa Geita. Kwetu watu wengi huishi kwa kilimo, biashara ndogo na machimbo ya dhahabu. Kila duara huhitaji matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta za shimo zisiwaangukie wachimbaji. Kila jiko huhitaji kuni au mkaa. Vitu hivi vyote hutoka kwenye miti. Na miti minene iliyosalia karibu nasi ni ile ya mabondeni, kandokando ya vijito.

Baba yetu alituachia shamba la mpunga bondeni. Juu kidogo ya shamba hilo pana miti mikubwa kando ya kijito. Mdogo wangu ni mchimbaji. Alitaka tuikate miti hiyo tuiuze machimboni. Mimi sikutaka, lakini sikuwa na maneno ya kumshinda. Nilisema tu, "Hiyo ni miti ya baba."

Yeye akanijibu, "Kaka, miti ya baba haiwanunulii watoto sare wala madaftari."

Alisema kweli. Nikanyamaza.

Basi leo nataka kuwasimulia safari tuliyofanya sisi wawili. Katika safari hiyo tuliona msitu mkubwa unaokaa ndani ya maji. Msitu huo ulitufundisha jambo juu ya bonde letu wenyewe.

Njiani

Dada yetu ameolewa Bunazi, katika Wilaya ya Missenyi, Mkoa wa Kagera. Mwezi wa Mei tulikwenda kumsalimu. Tulipanda basi Geita, tukapita Katoro, Chato na Muleba. Ziwa Victoria lilikuwa mkono wa kulia, mara linaonekana, mara linajificha nyuma ya vilima. Jioni tulifika Bukoba, mji wa migomba na kahawa.

Kesho yake tulifika Kyaka. Hapo pana daraja juu ya Mto Kagera. Wazee wanalikumbuka daraja la Kyaka. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia nchi yetu, daraja lililokuwapo lilibomolewa. Siku hizi magari hupita salama kwenda Bunazi na mpaka wa Mutukula.

Tulisimama kidogo tukautazama mto. Kagera ndio mto mkubwa kupita yote inayomwaga maji Ziwa Victoria. Maji yake hutoka Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda. Siku ile yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa, kwa sababu yalibeba udongo wa vilima vya mbali.

"Huu ni udongo wa mashamba ya watu," nilimwambia mdogo wangu.

"Unasafiri bila nauli," akasema, tukacheka.

Kuingia msituni

Shemeji yetu wa Bunazi alitupeleka Minziro. Unaacha barabara ya lami na kuelekea mashariki, karibu na mpaka wa Uganda. Msitu wa Minziro ni hifadhi. Mtu haingii ovyo, bali huomba ruhusa kwanza katika ofisi ya misitu. Sisi tulipata ruhusa, na Bwana Misitu mmoja akatuongoza. Pamoja naye alikuja mzee mmoja mwenyeji wa pale.

"Shikamoo mzee," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Habari za Geita? Dhahabu bado ipo?"

"Ipo, mzee, lakini imekwenda chini sana."

"Basi leo mtaona mali iliyo juu ya ardhi," akasema.

Msitu wa Minziro una ukubwa wa karibu hekta 25,000, yaani zaidi ya ekari 60,000. Serikali imeupa daraja la Hifadhi ya Mazingira Asilia. Ng'ambo ya mpaka msitu huu huendelea hadi katika misitu ya Sango Bay, Uganda. Miti haijui mpaka, na maji pia hayajui mpaka.

Tulivaa viatu vya mpira. Mwanzoni tulitembea penye nyasi. Halafu tukaingia chini ya miti, na mara jua likapotea. Palikuwa na baridi na giza kidogo, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Baada ya hatua chache tulikuwa ndani ya maji. Kwanza yalifika vifundoni, kisha yakafika katikati ya miguu.

"Mvua ilinyesha usiku?" mdogo wangu akauliza.

"Hapana," Bwana Misitu akajibu. "Haya ni maji ya masika. Hukaa hapa wiki nyingi. Msitu huu ndivyo unavyoishi."

Kwa nini maji hukaa hapa

Bwana Misitu alituonyesha sababu. Minziro ni uwanda tambarare, wenye vilima vichache tu. Uwanda huo uko karibu sawa na uso wa Ziwa Victoria. Mvua zikinyesha sana, Mto Kagera hujaa na kufurika. Maji hutapakaa uwandani. Kwa kuwa hakuna mteremko mkubwa, hayana haraka ya kuondoka.

Ziwa likipanda, maji ya uwandani hupata shida zaidi kutoka. Wazee wanakumbuka mwaka 1964, wakati Ziwa Victoria lilipopanda sana. Mwezi wa Mei mwaka 2020 lilipanda tena likafikia kimo hicho na kukipita kidogo. Watu wa pwani za ziwa, hata kwetu Geita, waliona nyumba na mashamba yakiingiliwa na maji.

Nchi ya namna hii, ambayo mto huifunika kwa maji na kuiacha tena, huitwa uwanda wa mafuriko. Mara nyingi tunasikia neno mafuriko tukaogopa. Lakini katika uwanda kama huu mafuriko ni sehemu ya majira, kama masika na kiangazi.

Miti inayovumilia maji

Mkulima yeyote anajua kwamba mahindi yakisimama ndani ya maji siku nyingi hugeuka manjano na kufa. Kwa nini? Kwa sababu mizizi nayo huhitaji hewa. Udongo uliojaa maji hauna hewa ya kutosha. Mpunga huvumilia, kwa kuwa hupitisha hewa ndani ya shina lake mpaka mizizini.

Basi miti ya Minziro ni kama mpunga miongoni mwa miti. Si kila mti unaweza kuishi pale. Iliyopo ni ile inayovumilia maji.

Mzee alitupeleka kwenye mti mmoja mkubwa wenye majani mapana. "Waganda huuita nkobakoba," akasema. Mti huu ni wa ukoo mmoja na mkwaju na kunde. Mbegu zake hukaa ndani ya maganda, kama zile za maharage, lakini maganda yake ni magumu kama ubao. Nkobakoba ni mmoja wa miti mikuu ya msitu wa Minziro.

Mti mwingine mkuu ni podo. Hapo Bwana Misitu alitueleza jambo la ajabu. Mahali pengi Tanzania podo ni mti wa milimani. Utauona Usambara, utauona Kilimanjaro, kwenye baridi. Lakini hapa Minziro podo husimama kwenye tambarare, miguu yake majini. Wataalamu wengi wamefika Minziro kwa sababu ya mambo kama haya.

Tulitazama mizizi. Mingi haikwenda chini sana, bali ilitambaa mbali kila upande. Miti mingine ilikuwa na mizizi iliyosimama kama kuta, mirefu kuliko kimo cha mtoto. Kuta hizo husaidia mti usianguke katika udongo laini.

Hata hivyo miti mingine huanguka. Tuliona mti mmoja mkubwa umelala. Pale ulipong'oka palikuwa na shimo lenye maji, na juu yake jua lilipita. Chini ya jua hilo miche mingi ilikuwa inakimbilia juu. Miche hiyo ilikuwa imekaa kivulini muda mrefu ikingoja nafasi. Mti mzee huanguka, watoto wake hushika mahali pake. Lakini watoto hao watapatikana tu kama mama zao hawajakatwa wote.

Wenyeji wa msitu

Juu ya vichwa vyetu matawi yalitikisika. Walikuwa mbega, wenye manyoya meusi na meupe. Mbega hula majani na matunda, na hukaa juu mitini. Mafuriko hayawasumbui.

Kisha tukaona ndege mkubwa wa rangi ya buluu, mwenye kishungi kichwani. Ndege huyu ni wa misitu ya Kongo na Uganda. Katika nchi yetu huonekana pande hizi za magharibi tu. Minziro ina ndege wengi wa namna hiyo. Ni kama mkono wa msitu mkubwa wa Kongo ulionyoshwa mpaka Tanzania. Mtu akitaka kuwaona ndege hao bila kwenda Kongo, huja Minziro.

Vipepeo nao ni wengi mno. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 500 katika msitu huu mmoja. Kila aina ina majani yake ambayo viwavi wake hula. Jani likikosekana, kipepeo naye hukosekana.

Majini nako hakuna upweke. Mto unapofurika, kambare huacha mto na kuingia penye nyasi zilizofunikwa na maji. Hapo hutaga mayai. Vifaranga vyake hupata chakula na maficho. Kamongo naye hupenda maji ya namna hii. Dume la kamongo hulinda shimo lenye mayai mpaka watoto wakue. Kiangazi maji yakikauka, kamongo anaweza kujifukia topeni, akavuta hewa, akangoja masika. Kwa hiyo mvuvi ambaye hajawahi kuingia msituni hula samaki waliolelewa katika uwanda wa mafuriko.

Chupa mbili za maji

Asubuhi ile, kabla ya kuingia msituni, Bwana Misitu alikuwa amejaza chupa moja maji ya Kagera. Sasa akajaza chupa ya pili maji ya ndani ya msitu. Akaziweka juu ya gogo.

Chupa ya mto ilikuwa nyekundu, hukuona kidole nyuma yake. Chupa ya msitu ilikuwa na rangi kidogo kama chai ya rangi iliyopungua majani, lakini uliona kidole vizuri.

"Udongo umekwenda wapi?" akauliza.

Mdogo wangu akainama, akashika tope. "Umebaki huku chini."

"Vema. Mto unakuja kwa mbio. Ukiingia msituni unakutana na mashina, mizizi, majani na mafunjo. Unalazimika kutembea polepole. Maji yakitembea polepole hayawezi tena kubeba udongo. Huuacha. Udongo huo ni mbolea ya miti. Maji nayo hunywea ardhini, au huendelea na safari yakiwa yamepunguza nguvu. Kiangazi ardhi huyatoa kidogo kidogo. Kazi yote hii msitu huifanya bure, usiku na mchana."

"Na miti ikikatwa?" mdogo wangu akauliza.

Safari hii mzee ndiye aliyejibu. "Mwanangu, ukiondoa miti, maji yatakuja vilevile. Ila hayatakuta mtu wa kuwaambia, tembeeni polepole."

Mdogo wangu hakusema kitu. Lakini nilijua anafikiri nini, maana mimi nilikuwa ninafikiri hilo hilo. Miaka miwili iliyopita jirani yetu alikata miti yote ya kando ya kijito kwenye shamba lake. Masika yaliyofuata kijito kilikuja kwa nguvu, kikachimba kingo, kikafunika mpunga wake kwa mchanga. Mwezi wa Julai kijito hicho hicho kilikuwa kikavu. Wake zetu walitembea mbali kutafuta maji.

Hatari za Minziro

Msidhani kwamba Minziro hauna adui. Mbao za podo ni nzuri na watu huzitamani. Tuliona kisiki kimoja cha zamani, na kando yake vumbi la msumeno lililogeuka mboji. Watu huingia kwa siri kupasua mbao. Wengine huchoma nyasi za kandoni ili zichipue kwa ajili ya ng'ombe, na moto huingia msituni. Wengine huchoma mkaa.

Mambo haya yamewapata wengi duniani. Huko Marekani, katika jimbo la South Carolina, upo msitu wa bonde unaoitwa Congaree. Nao hufunikwa na maji mara kadhaa kila mwaka. Zamani misitu ya namna hiyo ilikuwa mingi upande ule wa nchi yao. Makampuni ya mbao yaliikata karibu yote. Watu wa huko walipoona umebaki kipande, walidai kilindwe. Mwaka 1976 kililindwa kwa sheria, na mwaka 2003 kikawa hifadhi ya taifa. Taifa tajiri lilibaki kulinda kipande. Sisi bado tuna Minziro nzima.

Tufanye nini kwetu?

Tulirudi Bunazi jioni, miguu imelowa. Dada yetu alitupikia ndizi na samaki. Baada ya kula mdogo wangu akasema, "Kaka, nimeelewa habari ya maji. Lakini maduara yatashikiliwa na nini? Watu wasife mashimoni."

Hilo ni swali la haki. Tulizungumza mpaka usiku. Tulikubaliana mambo matatu.

Kwanza, miti ya kando ya kijito haikatwi. Hili si penzi letu tu, ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 ni karibu hatua 60 kubwa za mtu mzima.

Pili, matimba na kuni tupande wenyewe, juu, mbali na kijito. Mjohoro unafaa. Hukua upesi, na ukiukata huchipua tena. Mkaratusi nao hutoa nguzo nzuri, lakini hunywa maji mengi, kwa hiyo usipandwe karibu na chemchemi wala kijito.

Tatu, tuyakumbuke mambo ya wazee wetu. Wasukuma wana desturi ya ngitili. Ngitili ni mahali panapofungwa na kuachwa, nyasi na miti ikue, mpaka wakati wa shida. Zamani sehemu kubwa ya Shinyanga ilikatwa miti ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Nchi ikabaki tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Wananchi walihimizwa kufufua ngitili zao. Miti ikarudi katika maelfu mengi ya hekta. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa wakulima na wafugaji kama sisi.

Jaribu mwenyewe

Kama huwezi kwenda Minziro, fanya jaribio hili nyumbani.

1. Chukua mbao mbili au mabati mawili. Weka udongo juu ya kila kimoja.
2. Funika udongo mmoja kwa majani makavu na nyasi. Mwingine uache wazi.
3. Viinamishe vyote sawasawa. Weka bakuli chini ya kila kimoja.
4. Mwagia kila kimoja kopo moja la maji, polepole, kwa kopo lenye matundu.
5. Tazama mabakuli. Bakuli gani lina tope zaidi? Bakuli gani limejaa upesi?

Sisi tulifanya jaribio hilo tuliporudi Kalangalala. Watoto wote wa nyumbani walisimama kutazama. Mdogo wangu ndiye aliyemwaga maji.

Kesho yake alfajiri alinigongea mlango. Alikuwa ameshika panga, nikashtuka. Akasema, "Usiogope, kaka. Nataka mambo za kuwekea alama." Tulikwenda bondeni pamoja. Tulianza kwenye ukingo wa kijito tukahesabu hatua 60, tukapigilia mambo. Miti ya baba yote ilikuwa ndani ya alama.

Bado hatujapata fedha za sare kutoka kwenye miti hiyo, wala hatutazipata. Lakini juu ya shamba tumeanza kitalu cha mijohoro. Na mpunga wa mwaka huu haukufunikwa na mchanga.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mahindi hufa ndani ya maji, lakini mpunga na miti ya Minziro huishi?
2. Maji mekundu ya mto yalipoingia msituni yalibadilikaje? Kwa nini?
3. Samaki gani hutumia maji ya mafuriko, nao hufaidi nini?
4. Katika kijiji chako, miti ya kando ya mto au kijito iko katika hali gani? Pimeni hatua 60 mwone.
5. Wanaohitaji magogo na mkaa kijijini kwenu wanaweza kuvipata wapi bila kukata miti ya bondeni?